Sifuri Tatu Kwenye Mkono wa Kiti

Baba alipopata kiharusi, mkono wa kulia ulikufa na maneno yakaondoka asubuhi hiyo hiyo. Tulimtoa hospitali akiwa anakula, analala na kutazama. Anatazama nini, hapo hapakuwa na mtu wa kutuambia. Daktari alisema ukweli wake bila kuzunguka: huenda anaelewa kila kitu, huenda haelewi chochote, tumpe muda. Neno huenda linafaa hospitalini. Nyumbani halikai. Kabla mvua hazijakolea, ukoo mzima ulikuwa umeshaamua kwamba Mzee hayupo tena, umebaki mwili tu wa kuogeshwa na kulishwa.

Hakuna aliyelisema hilo kwa ubaya. Tena wengi hawakulisema kabisa, walilionyesha tu. Mgeni akiingia alimwamkia baba, "Shikamoo, Mwalimu," kwa mazoea, kisha bila kungoja chochote akanigeukia mimi. "Amekula? Jana alilala? Hivi anakujua kweli huyu?" Anauliza hayo huku goti lake linagusana na goti la baba. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miezi ile zilikuwa karibu zaidi. Siku moja nilimjibu mama mmoja mtu mzima, "Muulize mwenyewe, masikio hayakupooza." Aliondoka amenuna, akasahau sahani yake ya vitumbua. Nilivila vyote peke yangu, na sikujuta.

Baba alifundisha hisabati tangu ujana hadi kustaafu, na alipostaafu alilihamishia darasa barazani kwetu, hapa Ujiji. Baada ya swala ya alasiri wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita walikuja, wakavuta mabenchi, naye akasimama mbele ya ubao wa plaiwudi alioupaka rangi nyeusi kwa mkono wake. Nusu ya mji ilipita mbele ya ubao ule. Muuguzi aliyempokea hospitali alikuwa mwanafunzi wake. Dereva wa gari lililotupeleka naye alikuwa mwanafunzi wake, tena wa kufeli, na njia nzima alikuwa akijifuta machozi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani. Nami pia nilikaa kwenye mabenchi yale. Leo nafundisha hisabati sekondari, kwenye njia ya kupanda kwenda Kigoma mjini. Nilirithi pua yake na somo lake. Subira yake sikupewa.

Mada aliyoipenda kuliko zote ni polinomia. Kwa asiyeijua, polinomia si mnyama wa kutisha. Kuna namba isiyojulikana, tunaiita x. Inazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara kadhaa, vipande vinajumlishwa na kutolewa, na mwishoni inasimama namba ya kawaida peke yake. Kazi yako ni kutafuta sifuri zake, yaani x iwe ngapi ili rundo lote liishe, libaki sifuri. Ukiipata sifuri moja, tuseme 2, papo hapo umepata na kigawo kimoja: x kutoa 2. Unaigawa polinomia kwa kigawo hicho, inapungua, unatafuta tena, mpaka imebaki vigawo vidogo vidogo ambavyo havipunguziki zaidi.

Wanafunzi wengi hubahatisha. Huweka 5, huweka 7, huweka namba ya jezi ya mchezaji wanayempenda. Baba aliwaambia, "Hapa hatupigi ramli. Tazama namba ya mwisho." Sifuri ikiwa ni namba nzima, lazima iwe mojawapo ya namba zinazoigawa ile ya mwisho bila baki. Ya mwisho ikiwa 6, jaribu 1, 2, 3 na 6, pamoja na hasi zake. Nje ya hapo usijichoshe, hakuna kitu.

Na alikuwa na desturi moja ambayo kila aliyepita kwake anaijua mpaka leo. Mtu akiwa ubaoni, akikosea, baba hakusema neno. Aligonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole. Hakugonga mwishoni, jibu likishaharibika. Aligonga pale pale kosa linapozaliwa, chaki ingali kwenye tarakimu. Halafu kimya. Ulitafute mwenyewe. Wapo waliosimama pale wakitokwa jasho mpaka adhana ya magharibi ikawaokoa.

Baada ya kiharusi mimi nilibaki naye. Mama alikwisha kutangulia mbele ya haki, na mimi ndoa yangu iliisha zamani kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Asubuhi nikienda shule, shangazi, dada yake baba, alikuja kukaa naye. Biashara yake ya dagaa na mawese kule soko la Mwanga alimwachia mwenzake mpaka mchana. Nikirudi tunapokezana. Wanafunzi wa barazani niliwachukua mimi, kwa kuwa mitihani yao haikungoja mtu apone. Baba tulimkalisha sebuleni kwenye kiti chake cha mbao chenye mikono, karibu na mlango, apate upepo wa ziwani.

Ndipo baba mkubwa akaja kutoka kijijini kwake, Simbo. Ndiye kaka yake baba, mkulima, mtu mrefu asiyependa viti. Alikaa kitini kwa heshima tu, akazungumza na shangazi na mimi, baba akiwa katikati yetu.

"Nimekuja kumchukua mdogo wangu," alisema. "Wewe mwanangu unajitahidi, hilo hakuna anayebisha. Lakini unashinda shuleni, shangazi yako ana biashara, mzee anashinda na kuta. Kule kwangu watu hawakatiki. Wake za ndugu, wajukuu, majirani. Hata akikohoa kuna wa kumsikia."

"Mmemuuliza mwenyewe?" nilisema.

Walitazamana. Shangazi akanishika bega kwa upole ulioniudhi zaidi. "Mgonjwa haulizwi uji, mwanangu."

"Uji hapana. Lakini kuhamishwa nyumba anaulizwa."

"Atajibu kwa kitu gani?" alisema baba mkubwa, na hakusema kwa kejeli. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Nilikwenda jikoni nikaosha masufuria ambayo yalikuwa safi. Walikubaliana wao wawili kwamba baba atachukuliwa baada ya Idi, barabara ikikauka. Nami moyoni nilijua mambo mawili. La kwanza, nikipata njia ya kuonyesha kwamba baba anaelewa, itabidi aulizwe; baba mkubwa si mtu wa kumdhulumu nduguye. La pili, akiulizwa atasema Ujiji. Atasema hapa, kwangu. Hilo la pili nilikuwa na hakika nalo kuliko jina langu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa sebuleni naandaa somo. Ubao niliuingiza ndani kwa sababu nje kulikuwa na manyunyu. Shangazi alikuwa amekwenda sokoni, baba kitini, mimi na chaki. Niliandika polinomia ya kawaida kabisa, x³ − 7x + 6. Nilijaribu 2 kichwani: nane, kutoa kumi na nne, kuongeza sita, sifuri. Vizuri, 2 ni sifuri yake. Nikaanza kuigawa kwa ile njia fupi ambayo huandiki x, unapanga tarakimu zake tu kwa mstari. Nikaandika 1, nikaandika −7.

Mtu akagonga.

"Karibu!" niliita, bila kugeuka.

Kimya. Nilikwenda mlangoni. Hapakuwa na mtu, manyunyu tu na mbuzi wa jirani amejibanza ukutani. Nilirudi nikinung'unika. Isitoshe Ujiji mtu hagongi mlango, anapiga hodi, tena anaipiga kutoka barabarani ili usikie na upate nafasi ya kujifunga kanga. Anayegonga ni mtu wa serikali au mwizi mwenye adabu. Nikamalizia kugawa: nikapata 1, nikapata −5, nikapata baki −4.

Baki haiwezekani. Nilikwisha kuhakikisha kwamba 2 ni sifuri, na ukigawa kwa kigawo cha kweli hakuna baki. Nilisimama nikiukodolea ubao kama wanafunzi wangu wanavyoukodolea, na ndipo nilipoliona. Polinomia ile haikuwa na kipande cha x². Iliruka kutoka x³ kwenda x. Katika njia fupi, nafasi isiyo na kitu lazima uiandikie 0, la sivyo tarakimu zote zinazofuata zinakaa mahali pasipo pao. Ni kosa la kidato cha tano wiki ya kwanza. Nilipaswa kuandika 1, 0, −7, 6. Mimi nilitoka kwenye 1 nikaenda moja kwa moja kwenye −7.

Na mlango uligongwa nilipoandika −7.

Niligeuka taratibu. Baba alikuwa ananitazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mkono wa kiti, kidole cha kati kimekunjwa.

Nilifuta ubao, nikaandika nyingine, nikaigawa sawasawa mpaka mwisho. Kimya. Nikaandika ya tatu, na katikati nikageuza alama makusudi, penye kutoa nikajumlisha. Akagonga. Nikasahihisha, nikaendelea, nikafika kwenye 4 mara 3, nikaandika 11. Akagonga, safari hii kwa nguvu, na jicho alilonitolea nalikumbuka vizuri. Ndilo alilokuwa akiwatolea wale wenye akili wanaofanya uvivu. Nilikaa sakafuni palepale nikalia kwa sauti. Alikuwapo. Muda wote ule alikuwapo, akitusikia tunaulizana kama amepata choo.

Shangazi aliporudi na kapu lake nilimrukia kabla hajatua mzigo. Nilimweleza yote, nikamwonyesha ubao. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimpangusa baba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mtoto mchanga naye hupigapiga," alisema.

"Shangazi, amegonga kwenye kosa!"

"Kosa nani alilijua? Wewe. Mlio nani aliusikia? Wewe. Unampenda baba yako, na mwenye mapenzi husikia hata kisichosemwa. Sikukatalii, mwanangu. Lakini mshitaki wewe, shahidi wewe, hakimu wewe. Kesi gani hiyo?"

Niliwaka, nikasema maneno ambayo si ya kumwambia shangazi. Lakini nilipopoa, jioni, nikikoka moto wa kukaangia migebuka, samaki wa ziwa letu, niliona ana haki. Lau mwanafunzi angeniletea uthibitisho wa namna hiyo ningemrudishia na wino mwekundu. Kwa hiyo nikaenda kwa jirani.

Jirani yetu alikuwa mhandisi wa maji, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu kikazi. Alilalamikia mvua za Kigoma kila alipofungua mdomo, na migebuka alikula kuliko wenyeji. Hisabati alikuwa ameisoma hadi chuo. Nilimwomba atunge polinomia yeye, aiandike yeye, mimi nisiione.

"Mie nitaandika, Mwalimu," alisema, "lakini tafadhali msinitie kwenye mambo ya ukoo wenu. Mie mgeni hapa."

"Utaandika na kunyamaza."

"Hapo kwenye kunyamaza ndipo pagumu."

Baba mkubwa aliitwa kutoka Simbo. Alikuja Jumapili, amevaa koti lake la shughuli, na nilipomweleza tunachotaka kufanya alifikiri sana. Yeye hakupita darasa la saba, wala hakuona aibu nalo. Aliuliza swali moja tu: "Huyu bwana akiandika, wewe utakuwa wapi?"

"Popote utakaponiweka."

"Geukia ukuta," alisema.

Ndivyo nilivyosimama katika sebule ya baba yangu, mwanamke mzima, mwalimu wa watu, uso ukutani kama mtoro aliyeletwa ofisini. Nilisikia chaki ikiandika nyuma yangu. Nilimsikia mhandisi akivuta pumzi. Kisha akasema, kwa adabu yote ya kwao, "Shikamoo, Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Hii ina sifuri tatu, zote namba nzima. Nakuomba unipe hizo sifuri, moja baada ya nyingine."

Jogoo aliwika uani, shangazi akakohoa. Niliomba Mungu kimoyomoyo, nikijua fika kwamba sikuwa nikiomba kwa ajili ya hisabati.

Kikasikika kishindo kimoja cha kidole.

Moja, nilifikiri, hiyo rahisi. Ukijumlisha tarakimu zote ukapata sifuri, basi 1 imo. Lakini kugonga mara moja hata paka anaweza. Nilimsikia baba mkubwa akisogeza mguu.

Halafu, polepole, kimoja, kingine, kingine, kingine. Kikakoma. Nne.

"Ya tatu, Mwalimu," alisema mhandisi. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Hapo palikuwa pagumu. Nilihesabu nyufa za ukuta mbele ya pua yangu, nikazirudia. Baba mkubwa akasema, "Amechoka. Mwacheni mdogo wangu." Shangazi akasema, "Basi, inatosha." Nami nilikuwa nakaribia kugeuka nipige kelele wamngoje, nilipousikia mkwaruzo. Haukuwa mgongo wa kidole ukigonga. Ulikuwa ukucha unaburutwa juu ya mbao, mara moja, kwa ulalo, mfupi. Kisha kishindo kimoja, kingine, kingine.

"Ameanza kukwaruza," alisema shangazi kwa huzuni. "Nimewaambia amechoka."

"Hajakwaruza, mama," alisema mhandisi. "Ameandika alama ya kutoa. Hasi tatu."

Niligeuka bila kupewa ruhusa. Ubaoni paliandikwa x³ − 2x² − 11x + 12. Mhandisi alikuwa ameshika chaki kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kuku. Alitoa karatasi mfukoni mwa shati, ambayo hakuna aliyejua kama anayo, akamwonyesha baba mkubwa: 1, 4, −3. "Hakuna kubahatisha hapa, mzee," alisema. "Ningempa kijana yeyote ofisini kwangu angeomba kalamu. Huyu amefanya kichwani." Halafu akaaga haraka, akisema ana chungu motoni, ilhali mke wake yuko Tanga na yeye mwenyewe hapiki. Alituacha na mambo ya ukoo wetu kama alivyotaka.

Baba mkubwa alisimama mbele ya ubao asioweza kuusoma. Kisha akavua kofia, akachukua kigoda kidogo cha jikoni, akakaa chini ya kiti cha mdogo wake, magoti yakamfika kifuani. Aliongea naye kwa Kiha, kwa sauti ya chini. Mimi nimezaliwa na kukulia Ujiji; Kiha changu ni cha kununulia mihogo. Lakini kuomba radhi kunasikika kwa lugha yoyote. Shangazi aliinamisha kichwa akajifunika kanga, mabega yakitikisika.

Alipomaliza alinigeukia. "Haya, mwanangu. Sasa aulizwe."

Nilipiga magoti mbele ya baba. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda, na sikuificha vizuri. "Baba," nilisema, "baba mkubwa anataka uende ukakae kwake Simbo. Mimi nataka ubaki hapa. Uamuzi ni wako. Ukitaka kubaki Ujiji, gonga mara moja. Ukitaka Simbo, gonga mara mbili."

Alinitazama. Aligonga mara moja, nami nilikwisha kufungua mdomo kushukuru, alipogonga tena.

Sikuamini. Baba mwenyewe alitufundisha kwamba jibu usilolirudisha kwenye swali likahakikishwa ni uvumi. Nikasema tugeuze. "Sasa Simbo iwe mara moja, Ujiji mara mbili." Nilijua ninachofanya, nilikuwa nampa nafasi ya kujisahihisha. Akagonga mara moja, akaushusha mkono mapajani ili nione kwamba hataongeza.

Mkuki kwa nguruwe. Mimi niliyegombana na ukoo mzima kwamba mzee aulizwe, sasa ameulizwa na nilikuwa natamani ubishi wa shangazi urudi. Niliumia, na kuumia kwangu siku zote hutoka na sauti. "Kwa nini?" nilisema. "Nimekufanya nini?"

Swali la kwa nini halijibiki kwa kugonga. Ikabidi nijaribu sababu moja moja, na ule mkwaruzo wake wa kutoa ukawa ndio hapana yetu.

"Ni kwa sababu nashinda shuleni?" Akakwaruza.

"Nimekukosea?" Akakwaruza upesi, mara mbili.

"Unaona unanichosha?" Alifikiri kidogo, akakwaruza.

"Ni haya makelele ya wanafunzi wangu barazani?" Akakwaruza, na kwa nusu ya uso wake iliyobaki hai alionekana kama anachekea ndani.

"Ni hasira zangu?"

Hapo hakukwaruza wala hakugonga. Aliufungua mkono na kuuinua kidogo, kama mtu anayesema, hizo tulishazizoea. Shangazi alicheka katikati ya machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeishiwa. Nilikuwa nimejaribu kila nilichokijua na hakuna hata kimoja kilichokubali.

Ndipo baba mkubwa, pale pale kwenye kigoda, akamwinamia mdogo wake akamwambia neno fupi kwa Kiha. Halikuwa refu kuliko salamu. Baba hakugonga kwa kidole. Alipiga mkono wa kiti kwa kiganja kizima, na upande ule hai wa mdomo wake ukapanda juu, nikaona meno. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu hospitali.

"Umemwambia nini?" niliuliza.

Baba mkubwa alijifuta macho kwa mkono wa koti. "Nimemuuliza kama amechoka kuamkiwa."

Sikuelewa, akaona sikuelewa.

"Hapa kwenu, mwanangu, kila anayeingia mlangoni humo anamwamkia yeye. Mwalimu, shikamoo. Mzee, shikamoo. Wewe mwenyewe asubuhi, shikamoo baba. Wazee waliomzidi umri mtaani kwenu wamekwisha wote, tumewazika. Hana tena hata mmoja ambaye yeye atamwambia shikamoo. Kule nipo mimi. Kule yeye ni mtoto wa mwisho wa mama yetu, hakuna anayemtazamia chochote."

Baba alikuwa anamtazama kaka yake, si mimi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mkunjo wa lile koti la shughuli.

Sababu zote nilizomtajia zilianza na mimi. Hii haikuwa na mimi ndani yake, ndiyo maana sikuifikia. Nilibaki nimepiga magoti kidogo, kisha nikainuka nikaingia chumbani kumfungashia nguo. Nilikunja kanzu, mashuka, sweta, kikoi. Suruali zake za kufundishia, zenye vipande vya chaki mifukoni, nilizikunja pia nikaziweka juu ya nyingine. Halafu nikazitoa, nikazirudisha kabatini. Huko aendako hatazihitaji.